Naomba ushauri: gliserini ghafi itokanayo na mafuta yaliyokwisha kukaangia

Wanajamvi, tunageuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa biodizeli (mafuta ya injini za dizeli) kwa methanoli, aina ya alkoholi, na sodiamu haidroksaidi, na kila kilo 100 hutuachia takriban kilo 10 za gliserini ya kahawia, nzito, iliyochanganyika na sabuni na methanoli. Kuiuza ikiwa ghafi, kwa maoni yangu, ni karibu sawa na kuitupa. Tukiitia asidi, sabuni huvunjika na asidi za mafuta huelea juu, lakini chumvi itokanayo na asidi na sodiamu hubaki ndani. Na kuikeneka, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, kunahitaji ombwe (chombo kilichoondolewa hewa, ili ichemke kwa joto dogo zaidi), kwa kuwa kwa kawaida huchemka kwenye nyuzi 290 za Selsiasi huku ikiharibika. Je, mtambo mdogo ugharimie usafishaji huo, au tukishaivukiza methanoli na kuirejesha kazini, masalia tuyaingize kwenye mtambo wa biogesi, ambamo bakteria huozesha taka kuwa gesi, na kwa kiwango gani ili bakteria wasidhurike kwa chumvi?