Nimekuta kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) kwenye soksi za mwanangu

Mama wa Mbagala: Wadau, mwanangu yuko kidato cha pili. Natoka alfajiri kuwahi samaki Feri, narudi usiku. Kinachomwingiza kwenye kuberi ni marafiki tu au kuna zaidi?

Mwalimu, Temeke: Pole sana dada. Marafiki wanachangia, ila angalia na haya: masomo yameanza kumshinda? Jioni anashinda na nani? Nyumbani kuna anayevuta? Anayeanza mapema hunasa haraka, ubongo bado unakua. Tafadhali usimpige, utamsukumia kijiweni.

Mama wa Mbagala: Mjomba wake anavuta bangi uani, mtoto akimwona.

Baba Kigamboni: Basi anza na huyo mjomba. Pia piga 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, ni bure.