Tupeane uzoefu: tabia njema tulizowazoesha watoto wadogo, na namna tulivyozizoesha

Mama wa Watatu, Jang'ombe

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina watoto watatu, na kitinda mimba wangu anakaribia kutimiza miaka mitano. Naanzisha mazungumzo haya kwa sababu ya jambo ambalo kwa kulitaja ni dogo, ila limenitoa jasho mwaka huu, nalo ni kunawa mikono kwa sabuni.

Mwanangu huyu anajua kutawadha. Amefundishwa chuoni, kwenye chuo cha Kurani, na kwa hakika hutawadha kwa utulivu kuliko kaka zake: viganja mara tatu, kusukutua mara tatu, mpaka kufikia miguuni. Shida ni kwamba akitoka chooni, nikimwambia anawe kwa sabuni, hunijibu kwa yakini kabisa, "Mama, mimi nshatawadha." Kwake yeye maji yakishapita mkononi basi mkono umekwisha takasika, na mimi sikuwa na maneno ya kumfahamisha mtoto wa miaka minne kwamba twahara ni jambo moja na vijidudu ni jambo jengine. Nilimfokea mwezi mzima. Siku moja, tumezunguka sinia, birika na beseni vinapitishwa, nikatazama vizuri namna sisi watu wazima tunavyonawa: kila mmoja anasuuza ncha za vidole vya mkono wa kulia kwa maji matupu, kisha anauingiza mkono kwenye wali. Sabuni yenyewe ilikuwa juu ya rafu ya bafuni, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda juu ya ndoo. Nikaona haya, kwa kuwa mtoto niliyekuwa nikimwita mkaidi alikuwa akitufuata sisi.

Nilitia sabuni ndani ya kipande cha wavu, nikakifunga kwenye bomba la uani kwa kimo chake, na penye sinia nikamkabidhi kazi: baba yake hushika birika, yeye hushika sabuni na kumpitishia kila mtu kabla ya kumiminiwa maji. Tangu hapo hakuna anayesalimika. Babu yake alikuja kututembelea kutoka Makunduchi, akanyoosha mkono juu ya beseni kama alivyozoea, akaambiwa, "Babu, wewe bado." Mzee alicheka mpaka akatokwa na machozi, lakini alichukua sabuni.

Naomba kila mmoja atueleze tabia aliyofanikiwa kumzoesha mtoto na njia aliyoitumia. Walioshindwa nao waeleze, kwani mimi nilishindwa kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyofanikiwa.

Mwalimu wa Maandalizi, Chake Chake

Waalaykumu salaam, Mama wa Watatu. Sisi hupokea watoto wa miaka minne, na katika wiki za mwanzo sehemu kubwa ya kazi yetu huwa ni kufunga vifungo vya mashati, kuvisha viatu kila kimoja kwenye mguu wake, na kuchamba. Hili la mwisho nitalieleza bila ya kuficha, kwa sababu wazazi wengi huona haya kulitaja wanapomleta mtoto, na anayeadhibika ni mtoto mwenyewe. Aliyezoea kutawazwa na dada yake nyumbani hubana haja kutwa nzima akiwa skuli, kwa kuwa hathubutu kumwambia mwalimu; wengine hupata choo kigumu kwa kubana huko, na wengine hujichafua njiani wakati wa kurudi, wakachekwa na wenzao.

Ninawashauri wazazi waanze kufundisha miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya kwanza ya skuli. Mpeni mtoto kopo dogo la kumwenea, kwani kopo kubwa likijaa humshinda na maji yote yakamwagikia mgongoni. Mwonesheni mara chache, kisha simameni mlangoni msiingie. Nguo zitaloa kwa wiki nzima, na hilo mlivumilie.

Baada ya hapo ndipo sabuni. Skulini kwetu tulitengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa, na kamba ikashuka mpaka kwenye kijiti kilichopo chini. Mtoto hukanyaga kijiti, dumu likainama, maji yakachirizika, na mikono iliyotoka chooni haigusi kitu. Walikipenda kiasi kwamba katika siku za mwanzo walinawa hata wasipokuwa na haja ya kunawa, tukabaki kuhangaika kutafuta maji.

Adui yetu alikuwa kunguru. Ndege hawa, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, wana uchu wa ajabu wa sabuni, na kila kipande tulichokining'iniza asubuhi kilikuwa kimekwenda zake kabla ya mapumziko. Siku hizi tunakoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, tunatoboa kizibo, na watoto wanaiminya wenyewe. Mama wa Watatu, uangalie hiyo sabuni yako ya uani.

Bibi wa Wete

Wanangu, mimi nalea wajukuu wanne, wazazi wao wanafanya kazi Unguja. Mtoto mdogo ukimwambia saa mbili usiku hajui unachokisema, kwa hiyo nyumbani kwangu saa ni adhana. Ya alfajiri ni ya kuamka na kupiga mswaki. Ya magharibi inawakuta wote wameshaoga na wamo ndani. Ya isha inawakuta wameshakula, na wale wadogo wawili wanaingia kitandani na kuchomeka chandarua wenyewe, kila mmoja upande wake. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu halihami sana baina ya msimu mmoja na mwengine, kwa hivyo saa hii haituangushi. Mwenye kelele nyumbani si mimi tena, ni muadhini, na pamoja naye hawabishani.

Iliniangusha mara moja, nayo ilikuwa katika Ramadhani. Mwaka ule niliwaachia wote wakeshe kama watu wazima. Tarawehe, kisha michezo ya barazani, kisha daku. Idi ikapita, skuli zikafunguliwa, na wale wadogo wakawa macho mpaka saa tano usiku kwa karibu wiki tatu. Nilijaribu kuwalaza kwa nguvu nikashindwa. Kilichowarudisha ni kuwaamsha alfajiri ile ile hata kama walilala usiku wa manane, na kuwanyima usingizi wa mchana kwa siku chache. Tangu hapo wadogo hulala baada ya isha hata mwezi mtukufu ukiwemo, na wakubwa ndio wanaoamshwa kwa daku.

Kuhusu meno, mimi natumia mswaki wa mti mpaka leo, ambao ndio uliolipa jina hili burashi la dukani, lakini wajukuu wanatumia burashi na dawa. Daktari wa meno aliniambia kwamba mkono wa mtoto haujawa hodari wa kusafisha magego mpaka afike miaka saba au minane. Kwa hiyo wao hutangulia kupiga mswaki wenyewe ili wazoee, kisha nami huwapitia mmoja mmoja. Dawa ni kiasi cha punje ya mbaazi. Na kwa ambaye hajafika miaka mitatu, punje ya mchele.

Baba wa Mkokotoni

Shikamoo, Bibi. Nitachangia upande wa walioshindwa, kama mwenye mazungumzo alivyoomba.

Nilitaka mwanangu wa kiume wa miaka sita awe anaosha sahani yake baada ya kula. Nikamwahidi peremende kila akiosha. Wiki ya kwanza aliosha hata sahani za dada zake. Wiki ya tatu nilimwita kutoka barazani, akaniuliza kabla hajainuka, "Leo unanipa ngapi?" Nilipoacha kutoa peremende naye aliacha kuosha, na meno ndiyo niliyokuwa nimeyaharibu bure.

Tulianza upya kwa njia nyengine. Mimi ni mvuvi, na nikirudi kutoka dikoni na kula, sahani yangu ilikuwa ikiondoshwa mbele yangu bila ya mimi kuigusa. Nikaanza kuinuka nayo, na yeye akiinuka na yake, tukienda uani pamoja. Mama yangu mzazi hakupendezewa hata kidogo, akasema mwanamume hawi mwosha vyombo na dada zake wapo. Nilimsikiliza kwa heshima, na kesho yake nikainuka tena na sahani yangu. Hivi sasa ni mwaka wa pili. Zimevunjika sahani mbili za udongo, ndipo nikamnunulia ya bati, na hapo nilipaswa kuanzia.

Jambo la simu nitaligusa kidogo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Nyumbani kwetu simu zote hubaki kwenye kapu moja wakati wa chakula, pamoja na yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Muuguzi Mstaafu, Mkoani

Nimesoma kwa furaha habari za sabuni na mswaki, lakini sisi wa Pemba tuna tabia moja ambayo sijaona mtu akiitaja, nayo ni mtoto kutokojoa ndani ya maji ya mto au bwawa.

Kichocho hakiletwi na maji yenyewe. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo, yakaanguliwa, na vijidudu vyake vikaingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Humo huzaliana, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini, awe anaogelea, anafua au anavuka tu. Konokono hao hawaishi baharini, na ndiyo maana mtoto wa pwani anayeogelea bahari tupu hapatwi na maradhi haya kama yule wa bondeni. Nimefanya kazi miaka mingi, na nimeona watoto waliokuwa wakikojoa damu na kuficha kwa kuogopa kupigwa kwa sababu walikatazwa kwenda mtoni. Dawa hutolewa, na huwaua minyoo waliomo mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yale yale.

Kukataza peke yake hakukunisaidia hata kwa wanangu mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa kijijini siku ya joto atakwenda mtoni tu. Nilichofanya ni kuwafundisha mambo mawili yaliyo katika uwezo wao. La kwanza, kukojoa vichakani, mbali na maji, kabla ya kukaribia mto. Tulilifanya kama mchezo, aliyesahau anarudi mwanzo wa njia. La pili, na kwangu hili ni kubwa zaidi, kuniambia rangi ya mkojo wao bila ya hofu. Niliapa kwamba atakayeniambia habari ya damu hatapigwa wala kuulizwa alikwenda wapi, na siku ilipotokea nilitimiza ahadi, japo mkono uliniwasha. Tulikwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mama Mpya, Fuoni

Nauliza tu: mwanangu ana miaka miwili. Je, ni mapema mno kuanza?

Mwalimu wa Maandalizi, Chake Chake

Si mapema, mama. Mpe ufagio mfupi wa chelewa afagie pembeni yako wakati unapofagia, na nguo yake chafu aipeleke kapuni mwenyewe. Usifagie tena palepale alipofagia yeye hali ya kuwa anakutazama.

Mama wa Watatu, Jang'ombe

Nawashukuru nyote. Mwalimu, uliponitajia kunguru nilitabasamu nikaona hayo ni ya Chake Chake. Juzi asubuhi nilisikia kilio uani, nikatoka mbio nikidhani mtoto ameanguka. Nilimkuta ameshika kopo, anaangalia juu ya paa la jirani, na wavu umechanika. Alikataa kula chai mpaka nilipomletea sabuni nyengine, kwa kuwa, alivyosema, hana cha kuwapitishia watu. Sasa tuna chupa yenye kizibo kilichotobolewa, na kila usiku kabla ya kulala huiingiza ndani yeye mwenyewe na kuiweka chini ya kitanda chake.