Mjadala: Mtwara tuanze kuhamisha meza au malori?

Ndugu zangu wa Kusini, tulijadili hili kabla msimu wa korosho haujachanganya. Tangu msimu wa 2023/24 korosho ilipoelekezwa ipitie bandari ya Mtwara, malori yameongezeka, na makaa ya mawe ya Ruvuma nayo yanateremkia hapahapa. Mimi nina meza ya chai na mihogo njia ya bandarini. Juzi jioni trela lilikata kona, tairi la nyuma likapanda ukingo na kupita juu ya beseni la ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha vya huku kwetu. Dada mwenye beseni alimuwahi mwanawe kwa mkono mmoja. Ming'oko ikabaki imebanduka maganda, imelala kwenye lami kama chapati. Dereva hakushuka, sidhani hata kama alijua.

Kila likitokea la namna hii, jibu ni moja: machinga waondoke. (Jina lenyewe wengi wanasema limetoka Machinga ya Lindi, kwa hiyo tunaitwa wavamizi kwa jina la kwetu.) Mwishoni mwa 2018 tulilipa 20,000 tukapewa vitambulisho, 2021 tukaambiwa tupangwe upya. Swali langu: anayenunua chai yangu saa kumi usiku ni nani? Ni dereva na utingo wake wanaosubiri zamu ya kushusha. Lori linapolala ndipo jiko linapowaka. Mkinihamisha mimi mkaliacha lori, kesho atakuja mwingine na jiko lake.

Dereva wa semi: Mkuu, pole kwa dada. Ila nina tani 30 mgongoni, sisimami kama bodaboda. Usukani uko kulia. Kushoto, chini ya mlango wa utingo, kuna mahali kioo hakionyeshi kitu, na meza zenu ziko hapohapo. Halafu mnakimbiza vikombe mpaka dirishani gari likiwa linatembea. Nimeshazoea kuendesha moyo ukiwa mkononi.

Mwenye duka: Mimi nalipa leseni na pango, na mlango wangu umezibwa na meza za watu wasiolipa pango popote. Mnatengewa vizimba sokoni, wiki ya pili mmesharudi. Tusioneane huruma ya uongo.

Mwenye meza: Bosi wa duka, ni kweli nilikikimbia kizimba. Nilikaa siku tisa. Siku ya tisa niliuza vikombe vinne, na viwili alikunywa mlinzi kwa mkopo. Mteja wangu hawezi kuingiza trela sokoni. Dereva naye hilo la kushoto sikulijua, miaka yote nilidhani mnatudharau. Kuanzia kesho meza naivuta nyuma ya mtaro. Lakini manispaa itenge kiwanja cha malori nje ya mji, upande wa kuingilia, yaitwe bandarini kwa zamu. Hakuna haja ya mgambo kutuhamisha. Tutafika huko kiwanjani wenyewe kabla hata kifusi cha kukisawazisha hakijamwagwa.

Mwenye duka: Na ushuru mtalipa?

Mwenye meza: Kwenye wateja nalipa. Kizimba kitupu ndicho sikilipii.

Dereva wa semi: Kiwe na choo, maji na taa. Bila choo tutaegesha hapahapa mjini, nawaambia mapema.