Fibula ya Weber B kwa mzee: bamba likae pembeni au nyuma?

Swali
Wakuu, kwa mzee mwenye mifupa iliyopungua madini, aliyevunjika fibula (mfupa mwembamba wa nje ya mguu) kwenye usawa wa kiungo cha kifundo, yaani Weber B, kipi kinashika zaidi: bamba la pembeni pamoja na skrubu ya kubana vipande viwili, au bamba la nyuma la kuzuia kuteleza? Bamba la loki (ambalo skrubu hujifunga ndani yake) lina faida kweli, au ni bei tu?

Jibu la 1
Nyuma. Mvunjiko wa Weber B kwa kawaida huanzia mbele chini ukapanda kwenda nyuma juu, na kipande cha chini hukimbilia nyuma na juu. Bamba la nyuma linakaa kwenye njia yake hasa.

Tumia bamba la theluthi ya mrija (jembamba, umbo lake ni kama theluthi ya mrija), mashimo 5 au 6, na usilikunje sana. Toboa kwa biti ya 2.5 mm, kisha skrubu ya kwanza ya 3.5 mm iingie juu kidogo ya ncha ya mvunjiko. Ukiikaza, bamba linalala kwenye mfupa na kusukuma kipande cha chini kirudi mahali pake. Utaona ufa ukijifunga mbele ya macho yako.

Bamba la pembeni lina udhaifu mmoja mkubwa: skrubu za chini zinaelekea kwenye kiungo, kwa hiyo lazima ziwe fupi na zishike ganda gumu la upande mmoja wa mfupa tu. Kwenye mfupa laini meno ya skrubu hayapati pa kung'ata, skrubu inazunguka bure. Kutoka nyuma kwenda mbele unapata skrubu ndefu zaidi.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu loki. Kichwa cha skrubu hujifunga ndani ya bamba, hivyo uimara hautegemei sana wingi wa madini. Hiyo ni faida ya kweli ukilazimika kukaa pembeni. Lakini kwenye mifupa ya maiti yenye osteoporosisi (upungufu wa madini), bamba la kawaida la nyuma limewahi kulishinda la loki la pembeni. Tukumbuke tu kwamba vipimo vingi vya maabara husokota mfupa hadi ushindwe. Kidonda na kano havimo kwenye vipimo hivyo.

Na kano ndizo tatizo la bamba la nyuma. Likishuka mno, ukingo wake na vichwa vya skrubu husaga kano za peroneasi, zinazopita nyuma ya fibula. Shimo la mwisho likiangukia kwenye mfereji wa kano, liache tupu.

Muulizaji
Na skrubu ya sindesmosisi (muungano wa fibula na tibia, mfupa mkubwa wa mguu, juu ya kifundo) ipite wapi?

Jibu la 1
Nje ya bamba, kutoka pembeni, kama sm 2 juu ya kiungo, ukiielekeza mbele nyuzi 30 kwa sababu fibula iko nyuma ya tibia. Ila kwanza vuta fibula kwa ndoano chini ya eksirei. Isipoachana na tibia, usiweke skrubu hiyo.