Utamu wa michezo ya vita inayochezwa kwa vikosi uko wapi hasa?

Peke_Yangu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nimecheza michezo ya kurushiana risasi kwa miaka mingi, na karibu yote ni ile ya kila mtu kivyake, ambayo ukiuawa unafufuka baada ya sekunde chache na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Miezi miwili iliyopita rafiki yangu alinishawishi nijaribu Squad, mchezo ambao watu 50 hupambana na wengine 50, kila upande ukiwa umegawanyika katika vikosi vya watu wasiozidi 9. Niliingia nikijiona fundi, kwa kuwa shabaha yangu si haba. Katika mechi ya kwanza nilitembea porini kwa muda mrefu, nikauawa na mtu ambaye hadi leo sijui alikuwa amejificha wapi, kisha kiongozi wa kikosi akaniuliza kwa upole ni kwa nini niliwaacha wenzangu. Katika mechi ya pili sidhani kama nilimaliza hata magazini moja.

Kinachonishangaza zaidi ni huyo rafiki yangu. Alikesha akiendesha lori la mizigo, akipakia, akishusha na kurudi tena kambini, na tulipozima kompyuta alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote. Naomba wenye uzoefu wanieleze watu wanapenda nini katika mchezo unaokutaka usubiri, utii, na ufe bila kumjua aliyekuua. Tafadhali msinijibu kwamba kila mtu na ladha yake, hilo nalijua.

Lori_la_Mwisho alijibu:

Mkuu, mimi pia ni dereva wa lori, kwa hiyo nitamtetea rafiki yako kwanza. Katika Squad, ukifa huwezi kurudi popote upendapo. Kwa kawaida unarudi katika kambi kuu, ambayo mara nyingi iko mbali sana na mapigano, au katika kituo ambacho kikosi kimekijenga karibu na mstari wa mbele. Kituo hicho hakijengwi kwa maneno: kinahitaji vifaa, vifaa huletwa na lori, na baada ya hapo lazima watu waweke bunduki chini, washike koleo na kuchimba. Lori likilipuliwa njiani, kikosi kizima kitapigana dakika kumi zinazofuata kwa miguu kutoka mbali. Huyo uliyemwona akipakia na kushusha ndiye aliyekuwa akiamua vita vipiganiwe wapi, na nadhani alilijua hilo vizuri sana.

Ukitaka kuelewa mvuto wenyewe, tazama vitu ambavyo mchezo huu umeviondoa. Waanzilishi wake walitokana na watu waliokuwa wakitengeneza Project Reality, nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki kwa mchezo wa Battlefield 2 wa mwaka 2005, nao walikuwa na msimamo mkali kuhusu mambo ya kumnyima mchezaji. Hakuna alama ya shabaha katikati ya kioo cha kompyuta. Hakuna ishara ya kukuambia kwamba risasi yako imempata mtu, wala orodha ya nani kamuua nani. Ramani haimwonyeshi adui mpaka kiongozi wa kikosi aweke alama kwa mkono wake mwenyewe, naye huiweka kwa sababu mtu fulani amemwambia kwamba ameona kofia mbili nyuma ya ukuta wa zizi, upande wa kaskazini. Maana yake ni kwamba peke yako hujui chochote, huku kikosi kikijua mengi. Kila mmoja ameshika kipande cha habari, na vita vinaonekana pale tu vipande hivyo vinaposemwa kwa sauti.

Ndiyo maana uliulizwa kwa nini uliwaacha wenzako. Hawakukulaumu kwa kufa. Ulikufa ukiwa na kitu ulichokiona, nao hawakukipata.

Sekunde_Kumi alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa kuongeza kwamba ukubwa wa uwanja si sharti. Mimi nimetoka Counter-Strike, mchezo ulioanza mwaka 1999 kama nyongeza ya mchezo wa Half-Life iliyotengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe, nao hadi leo huchezwa na watu watano kwa watano katika ramani unayoweza kuikatiza kwa muda mfupi mno. Huko hakuna lori wala koleo. Kuna bei ya kifo: ukiuawa unakaa nje mpaka raundi iishe, na bunduki yako inabaki chini, pengine mikononi mwa aliyekuua.

Halafu kuna fedha, jambo ambalo mgeni hulidharau. Kila mchezaji huanza na dola 800 za mchezoni, wakati AK-47 inauzwa 2,700 na bunduki ya mdunguzi iitwayo AWP inauzwa 4,750. Timu iliyofilisika hulazimika kupatana kwamba raundi hii hakuna atakayenunua, wote waingie na bastola, wapoteze kwa pamoja ili raundi ijayo wote wawe na silaha kamili. Mmoja akikaidi na kujinunulia peke yake, huwa ameharibu raundi mbili kwa mkupuo. Sijui mchezo mwingine ambao kushindwa kwa makubaliano ni ustadi unaofundishwa.

Nikuambie pia jina langu limetoka wapi. Katika Counter-Strike 2, toleo jipya la mchezo huo, bomu likishategwa na upande mmoja hulipuka baada ya sekunde 40, na upande wa pili kulitegua kwa mikono mitupu huchukua sekunde 10. Mwenye kifaa cha kutegulia cha dola 400 hutumia 5. Fikiria umebaki peke yako, wenzako wanne wamekufa na wanatazama kila kitu kupitia macho yako, na wote wamenyamaza kwa makusudi ili usikie nyayo za adui. Ukimya ule wa watu wanne ni msaada mkubwa kuliko maelekezo yoyote. Niliwahi kushindwa kwa chini ya sekunde moja, na bado naikumbuka raundi ile kuliko nyingi nilizoshinda.

Kalamu_Nyekundu alijibu:

Mnaipamba sana. Mnachokisifu ni mazungumzo na kutegemeana, mambo ambayo yangepatikana hata katika mchezo wa zimamoto. Gwanda la jeshi si pambo tu, na wapo wanaolijua hilo vizuri. Jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake lenyewe mwaka 2002, America's Army, likaugawa bure ili kuvutia vijana wajiunge, na huduma yake ilifungwa mwaka 2022 tu. Humo kila mchezaji alijiona mwanajeshi wa Marekani na kuwaona wapinzani kama adui, ingawa wapinzani nao walijiona vivyo hivyo katika vioo vya kompyuta zao. Hakuna aliyewahi kuwa adui. Mtu anayependa michezo hii (nami ni mmoja wao, sijifichi) anapaswa kujua kwamba raha ya kuwa upande wa haki imetengenezwa kwa hesabu.

Pia hamkusema lolote kuhusu viongozi wanaofoka kwenye kipaza sauti kwa saa nzima. Kikosi kibaya kinachosha kuliko upweke.

Lori_la_Mwisho alijibu:

Hoja ya gwanda naikubali, na habari ya vioo viwili ni kweli tupu. Lakini katika mchezo huohuo, aliyetaka kuwa tabibu wa kikosi alipaswa kwanza kuhudhuria somo la huduma ya kwanza na kufaulu mtihani. Walielewa kwamba mtu huthamini zaidi nafasi anayoihitaji mwenzake. Kuhusu wanaofoka, dawa ni kuhama kikosi mapema. Usisubiri mechi iishe.

Peke_Yangu alijibu:

Nawashukuru nyote. Jana nilirudi nikamwomba kiongozi anipe utabibu. Niliwainua watu sita na sikumpiga risasi hata mmoja, na wa saba alinifia mikononi kwa sababu mimi mwenyewe nilipigwa nikiwa nimeinama juu yake, kisha nikamsikia akisema, bila hasira yoyote, "Umejitahidi, tabibu." Hilo nimelibeba hadi asubuhi. Swali langu sasa ni dogo: bomu la moshi hurushwa kabla ya kumfikia majeruhi, au ukishafika?

Sekunde_Kumi alijibu:

Kabla. Na lirushe kati yake na adui, si juu yake, kisha subiri moshi ushike ndipo utoke.