Whisker Menu, rofi au jgmenu? Menyu ya programu kwa kompyuta za wateja (Xfce)

Mzee_wa_Kihonda

Wakuu, habari za majukumu.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kompyuta tatu za mtumba: mbili za wateja zenye RAM GB 2 kila moja, na yangu ya kaunta GB 4. Mwaka jana niliziondolea Windows nikaweka Debian (mfumo wa Linux) yenye eneokazi la Xfce. Kwa kasi sina neno. Kinachonitoa jasho ni menyu.

Ile menyu ya kawaida ya Xfce ukiibofya inashusha makundi: Accessories, Graphics, Internet, Office, Settings na ndugu zao. Mteja amekuja kuchapa barua ya kuomba kazi. Anaingia Accessories, anafungua Mousepad, anachapa ukurasa mzima, ndipo ananiita: "Kaka, mbona hii haikolezi maandishi?" Mwingine juzi kaingia Settings, kageuza skrini ikasimama wima, kalipa, kaondoka. Nikabaki nimelaza shingo kama kuku mgonjwa nikitafuta pa kuirudishia.

Nataka vitu viwili. Mteja aone mambo sita au saba tu anayoyahitaji, kwa majina ya Kiswahili. Na mimi kaunta nifungue programu kwa kibodi bila kugusa mausi, maana mkono mmoja muda wote unapokea hela.

Nimejaribu hizi kwa wiki mbili:

*Whisker Menu.* Ndiyo iliyonivutia kwanza. Ina kisanduku cha kutafutia, ina sehemu ya vipendwa, na ukubwa wake unauvuta kwa mausi tu. Nimezima vitufe vya Settings na vya kutoka, na orodha ya programu zilizotumika karibuni nimeiwekea sifuri. Lakini makundi yote bado yamejipanga pembeni, na mteja lazima akayachokoze.

*rofi.* Hii ni moto. Nimeifunga kwenye kitufe cha Windows + A kwa amri `rofi -show drun -show-icons`. Naandika "wri", Enter, Writer (ile ya LibreOffice ya kuandikia barua) hiyo. Ninachokitumia sana inakipandisha juu yenyewe. Ila mteja hawezi hata kujua kwamba ipo.

*jgmenu.* Unaandika menyu yako kwenye faili la CSV, mstari mmoja kwa kila kitu: jina, amri, aikoni. Ndani ya `jgmenurc`, faili lake la mipangilio, unaweka `csv_cmd = cat ~/.config/jgmenu/duka.csv`, basi. Haionyeshi chochote ambacho hukukiandika. Ila rangi, upana na nafasi kati ya mistari unavipanga kwa kuhariri faili, na haina dirisha la mipangilio.

Nimekwama kati ya ya kwanza na ya tatu. Nawasilisha.

---

mpenda_terminali

dmenu. Funga uzi.

---

Mzee_wa_Kihonda

Mkuu, nina mteja mstaafu anayebofya mara mbili kila kitu, hata viungo vya mtandaoni. Huyo nimpe dmenu?

---

mpenda_terminali

Hahaa, utani tu. Kwa faida ya wanaopita: `dmenu_run` haisomi programu za menyu, inasoma majina ya amri zilizomo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta amri). Hakuna aikoni, hakuna jina la kueleweka. Rangi na fonti unaweza kuzipitisha kwenye amri yenyewe, lakini ukitaka kuibadili kwa undani unahariri `config.h` na kukompaili upya. Mimi raha yangu iko hapo. Mke wangu alishaniambia nikiiweka kwenye laptopu yake nitajua mimi.

---

FundiKisauni

Ndugu yangu wa Kihonda, salaam kutoka Mombasa. Nimefanya kazi ya saiba miaka mingi, na naona unagombana na mlango wakati shida iko ndani ya nyumba.

Hiyo menyu ya kawaida, Whisker na rofi ya `drun`, zote zinasoma mafaili yale yale yenye mwisho wa `.desktop`. Ya mfumo mzima yako `/usr/share/applications`, ya mtumiaji mmoja yako `~/.local/share/applications`. Hata jgmenu, ukiweka `csv_cmd = apps` badala ya CSV yako, inasoma huko huko. Kwa hiyo tengeneza mafaili kwanza. Ukishayatengeneza, leo tumia Whisker, kesho ukichoka hamia kwingine, kazi yako haipotei. Ukiandika kila kitu ndani ya CSV ya jgmenu, siku ukihama unaanza upya.

Mfano wa faili la wateja, liite `duka-barua.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Andika barua
Comment=Barua, CV na ripoti
Exec=libreoffice --writer
Icon=libreoffice-writer
Categories=Office;
Keywords=barua;cv;maombi;chapa;
```

Hiyo `Keywords` usiidharau. Mteja akiandika "cv" kwenye kisanduku cha Whisker, Andika barua inajitokeza. rofi nayo inaisoma.

Kwa tovuti anazozitafuta kila siku, mpe kila moja aikoni yake. `Exec=chromium --app=` kisha anwani nzima ya tovuti, inafunguka kama programu, bila vichupo wala mahali pa kuandika anwani. Huku kwetu Kenya nimeweka ya eCitizen (huduma za serikali) na ya KRA (mamlaka ya kodi). Wewe weka za kwenu.

Usitumie alama ya `~` kwenye mstari wa `Exec`. Haifunguliwi kuwa folda yako kama ilivyo kwenye terminali, wala `$HOME` haifanyi kazi hapo. Andika njia yote tangu `/home`. Hapo nimeona watu wakilala macho.

Na kwa kuwa una mashine mbili zinazofanana, usiyaweke kwenye folda ya mtumiaji. Yaweke `/usr/local/share/applications`. Mfumo unapitia huko kabla ya `/usr/share`, na akaunti zote zinayaona.

---

Mzee_wa_Kihonda

Ahsante sana ndugu wa Kisauni. Sasa zile nisizozitaka nazifuta?

---

FundiKisauni

Usifute! Apdeti ikija zinarudi. Nakili faili kutoka `/usr/share/applications` kwenda `/usr/local/share/applications` kwa jina lile lile, uongeze mstari `NoDisplay=true`. Nakala yako ndiyo itakayosomwa.

Kuna pia `Hidden=true`, lakini hiyo ni sawa na kusema programu haipo kabisa. `NoDisplay` inaiondoa kwenye menyu tu. Tofauti utaiona mteja akichomeka flashi na kubofya PDF: kwa `NoDisplay` kisomaji bado kinafunguka.

---

Mwl_Zuhura

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA, nasimamia maabara ya shule ya sekondari, mfumo ni huo huo wa Xfce. Nakubaliana na kaka FundiKisauni, ila naomba tusichanganye kuficha na kufunga.

Umeficha terminali kwenye menyu, vizuri. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili anabonyeza Alt+F2, anaandika jina la amri, tayari yuko ndani. Alt+F3 nayo inafungua kitafuta programu. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, uziondoe. Halafu bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi: menyu nzima ya programu ipo pale pia. Inazimwa kwenye mipangilio ya eneokazi, kichupo cha menyu.

Wateja wawe na akaunti yao isiyo na sudo (ruhusa ya kubadili mfumo). Na paneli, yaani ule upau wenye vitufe ukingoni mwa skrini, ifunge kweli. Kwenye `/etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml`, mstari wa channel unakuwa hivi:

```
<channel name="xfce4-panel" version="1.0" locked="*" unlocked="root">
```

Panga paneli kwanza mpaka uridhike, nakili mpangilio huo kwenye faili hilo la `/etc`, ndipo ufunge, kwa sababu baada ya hapo akaunti ya kawaida haiwezi kuhamisha wala kuondoa kitu.

Sasa kwenye swali lenyewe. Nimeona watoto wapya na walimu wenzangu watu wazima wakikaa mbele ya mashine. Macho yao hayaendi kwenye kona kutafuta kitufe cha menyu. Wanabofya kinachoonekana. Mimi kwenye akaunti ya wanafunzi niliondoa menyu kabisa, nikaweka paneli ya pili yenye vitufe vya programu nane. Whisker, jgmenu, yoyote ile, bado inamtaka mteja ajue kwamba kuna kitu cha kufungua kwanza.

---

Juma_wa_Laini

Kwa nini basi asiweke aikoni kwenye eneokazi kama Windows, akaachana na haya yote?

---

Mzee_wa_Kihonda

Mkuu Juma, nilianza hivyo. Wanaziburuta, wanazifuta, wanazifunika na mafaili yao ya "barua mpya 3 final". Na dirisha likifunguka skrini nzima, aikoni hazionekani tena. Mteja anabaki anasema kompyuta imepotea.

Mwl. Zuhura, ahsante, hilo la paneli sikuliwaza. Naenda kujaribu.

---

Mzee_wa_Kihonda

Wakuu nimerudi na kero. Nimenakili faili la programu ya skana, nimebadili `Name=Document Scanner` kuwa `Name=Skani karatasi`, nimehifadhi, nimetoka na kuingia tena. Menyu bado inasema Document Scanner! Mafaili niliyoandika mwenyewe yote yanaonekana sawa. Ni hili tu.

---

mpenda_terminali

Wakati wa kusakinisha ulichagua Kiingereza cha Uingereza, sivyo? Fungua faili, shuka chini, utakuta lundo la `Name[de]`, `Name[fr]`, na katikati yake `Name[en_GB]=Document Scanner`. Mstari wenye lugha ya mfumo wako unaupiku ule mtupu. Futa mistari yote ya `Name[...]` uache wa kwanza peke yake. `Comment[...]` pia.

Ungekuwa umeweka mfumo kwa Kiswahili ungeongeza `Name[sw]=Skani karatasi` na ule wa Kiingereza ukaendelea kuwepo. Hii ndiyo njia safi kama mashine ina watumiaji wa lugha mbili.

Ukimaliza pitisha `desktop-file-validate` kwenye faili. Imo kwenye kifurushi cha `desktop-file-utils`. Inakuonyesha mstari ulioukosea.

---

Mzee_wa_Kihonda

Duh. Ilikuwa hiyo hiyo. Ubarikiwe mkuu, soda yako ipo Morogoro.

---

Rehema_K

Naomba kuuliza, haya yote ya kuhariri kwa mkono ni lazima? Mimi natumia MenuLibre, programu ya kuhariri menyu kwa dirisha, naweka tiki na kutoa tiki, nahifadhi.

---

FundiKisauni

Si lazima dada Rehema, kwa laptopu ya mtu mmoja MenuLibre ni nzuri sana. Inaandika kwenye folda yako ya `~/.local/share/applications`, na ukihamisha makundi inatengeneza pia `~/.config/menus/xfce-applications.menu`. Siku menyu ikivurugika, vitu vimejirudia au kundi limetoweka, ondoa hilo faili la pili na menyu inarudi kama ilivyokuja.

Kwa mashine za wateja naona mkono ni bora, kwa sababu unanakili folda moja kwenye flashi na kupeleka kwenye mashine zote.

Ila mjue nakala haijisasishi. Programu ikibadilisha amri yake kwenye toleo jipya, nakala yako itaendelea kuita ile ya zamani na kitufe hakitafungua kitu. Ukiona hivyo baada ya apdeti kubwa, linganisha `Exec` yako na ya faili la asili. Na mtu akikuta programu haimo `/usr/share/applications`, pengine ni ya Flatpak (njia nyingine ya kusakinisha programu). Mafaili yake yako `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`.

---

mpenda_terminali

Kwa ya kaunta baki na rofi. Ongeza `-matching fuzzy`, ukiruka herufi katikati bado inakufikisha. Na ukitaka itafute madirisha yaliyo wazi pamoja na programu: `rofi -show combi -combi-modes "window,drun"`. Kwenye toleo la zamani andika `-combi-modi`. Wanaotumia Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) waangalie fuzzel, inafanya kazi hiyo hiyo.

Kuna mtego mmoja. Usifunge Whisker kwenye kitufe cha Windows peke yake kisha utarajie Windows + A ya rofi iendelee. Kwangu ile ya kwanza ilimeza zote. Nilitumia xcape: `xcape -e 'Super_L=Alt_L|F1'`, halafu Alt+F1 nikaipa `xfce4-popup-whiskermenu`. Ukigusa Windows na kuachia, Whisker inafunguka. Ukiishikilia na herufi nyingine, inabaki kuwa ya rofi.

---

Mzee_wa_Kihonda

Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi.

Mashine mbili za wateja nilizipanga tofauti makusudi. Ya dirishani niliiwekea Whisker yenye vipendwa saba na mengine yote yamefichwa, makundi yakabaki matatu pembeni maana kundi lisilo na kitu halionekani. Ya ukutani niliiwekea paneli ya Mwl. Zuhura, wima upande wa kushoto kwa mtindo wa Deskbar ili maandishi yalale. Kitufe cha paneli kinakuchagulisha aikoni au jina, si vyote viwili, nikachagua jina: Andika barua, Hesabu, Mtandao, Fomu za mkopo, Skani karatasi, Picha, Flashi yangu.

Whisker imepunguza makosa, hilo nakiri. Mousepad hawaioni tena. Lakini kila mteja mgeni bado ananiuliza aanzie wapi. Kwenye ya ukutani hakuna aliyeuliza isipokuwa yule mstaafu, naye kabofya mara mbili, Writer zikafunguka mbili. Jumatatu naihamishia paneli na ile ya dirishani. jgmenu nimeitoa, si kwa ubaya wake, ila sikuona kazi iliyobaki ya kuipa.

Kaunta ni rofi, na Whisker nimeiacha kwa kijana wangu wa zamu ya jioni, haipendi kibodi.

Nimefunga Alt+F2 na kubofya kulia. Skrini haijageuzwa tena. Ila leo kijana mmoja kaniuliza kwa uchungu solitaire imepelekwa wapi.

---

mpenda_terminali

Mrudishie, na `Name=Mapumziko ya shilingi 200`.