Nyumba yangu iko mstari wa tano, nimeandikiwa dola 30,000 za mchanga wa mstari wa mbele

Wadau, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu, kwa sababu jambo hili nimelikalia kimya tangu barua ilipofika, na naona nikiendelea kunyamaza itahesabiwa kuwa nimeridhia.

Mimi na mke wangu tunaishi South Carolina, katika mtaa wa pwani wenye geti na nyumba 203, unaoendeshwa na chama cha wenye nyumba. Jina la mtaa na la chama sitayataja, kwani bado naishi humo na kesho nitakutana nao kwenye masanduku ya barua. Bahasha yenyewe ilikuja Jumanne, ile ya kawaida ya kampuni inayotukusanyia ada, nikadhani ni bili ya dola 290 ya kila robo mwaka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijavua hata sare za hospitali, nikaifungua nimesimama mlangoni. Ndani niliarifiwa kwamba bodi imepitisha mchango maalumu wa kurudishia ufuo mchanga na kujenga upya matuta, na kwamba sehemu ya nyumba yangu ni dola 30,000, zinazotakiwa ndani ya siku 60. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo anaruhusiwa kuingia katika mkopo ambao bodi imeupanga na benki, riba asilimia 7.25 kwa miaka kumi, yaani dola 352 kila mwezi, ambazo mwisho wa safari zinapita dola 42,000. Asiyelipa kabisa atatozwa faini, kisha chama kitaandikisha deni hilo juu ya nyumba yake, na hatua inayofuata ni mahakama na mnada. Sentensi ya mwisho ilitushukuru kwa ujirani mwema.

Hesabu yao ni hii: mradi unagharimu dola milioni 6.4, mfuko wa akiba ulikuwa na dola 310,000, na pengo la dola 6,090,000 likagawanywa kwa nyumba 203 sawasawa, kana kwamba bahari inabisha hodi kwenye milango yote kwa siku moja.

Sasa niwaeleze mtaa ulivyo, maana bila hilo hamtaona kinachoniuma. Nyumba 38 ziko mstari wa mbele, zimepakana na matuta ya mchanga yenyewe, na nyingi kati ya hizo hazina mwenyeji; wenyewe wako majimbo mengine na nyumba zinapangishwa kwa watalii wiki hadi wiki majira yote ya joto. Nyuma yao kuna nyumba 44 za mstari wa pili, ambazo zinaiona bahari kwa juu, kati ya mapaa. Sisi wengine 121 tuko mstari wa tatu kwenda nyuma: walimu wastaafu, wauguzi, mafundi, wajane wachache. Nikikaa barazani kwangu ninachokiona ni gereji ya jirani, na kufika ufuoni ni mwendo wa dakika nane kwa miguu.

Sisemi kwamba watu wa nyuma wasitoe kitu. Matuta yakiisha maji yatafika barabarani, na chini ya barabara ile limelazwa bomba la majitaka linalotuhudumia sote. Ufuo ukiharibika thamani ya nyumba yangu nayo itashuka, na isitoshe wanangu wanaogelea pale pale. Kwa hiyo nakubali kulipa. Ninachokikataa ni kulipa sawa na mtu ambaye nyumba yake ndiyo inayookolewa, na ambaye wiki mbili za kupangisha mwezi Julai zinamrudishia sehemu nzuri ya mchango wake.

Mwaka 2016 chama kiliajiri wataalamu wa kutathmini akiba, na ripoti yao ninayo, kurasa 41, nimeidai ofisini kwa maandishi mara tatu ndipo nikapewa. Wataalamu wale waliandika waziwazi kwamba ufuo unarudi nyuma na kwamba chama kianze kuweka fedha za mchanga kila mwaka. Bodi ikaona ada ikipanda nyumba hazitauzika kwa bei nzuri, ikaiacha ada palepale. Mimi nilinunua mwaka 2019. Nakiri kosa langu: furushi la nyaraka nililopewa siku ya kusaini sikulisoma, nilitazama ada ndogo nikafurahi. Ada ile ilikuwa ndogo kwa sababu wauzaji waliokuwepo kabla yangu waliuahirisha mzigo, wakauza, wakaondoka bila kuubeba.

Kimbunga Ian kilipotua karibu na Georgetown tarehe 30 Septemba 2022 ndipo mambo yalipoanza kuonekana kwa macho. Asubuhi iliyofuata nilishuka ufuoni nikakuta tuta limekatwa wima kama kipande cha mkate, na mizizi ya yale majani marefu yanayoshika mchanga ikining'inia hewani kama nyuzi za mkeka uliochanika. Tangu siku hiyo kila bamvu, yaani kila maji yanapojaa kupita kawaida, linachukua lake. Jumapili iliyopita nilikwenda na futi ya fundi: ngazi ya mbao tunayoshukia sote imebaki ikielea, na kidato chake cha mwisho kiko futi nne na nusu juu ya mchanga. Mzee mmoja wa mtaa amefunga kamba kwenye nguzo ili ajishikie anaposhuka kuvua.

Mnajua bodi ilifanya nini kwanza? Februari mwaka jana walitumia dola 180,000 za akiba ileile kununua mchanga wa malori, bila kumwuliza mtu. Malori yalipita mbele ya nyumba yangu siku tano mfululizo, alfajiri hadi jioni. Mchanga uliletwa kutoka machimbo ya bara, rangi ya kutu, chembe laini kuliko za ufuo wetu, na mwenye kuelewa pwani anajua kwamba mchanga mwepesi hausubiri kuambiwa uondoke. Ulimwagwa bila kuoteshwa jani. Bamvu la kwanza likala nusu yake, la pili likamaliza. Wala hatukukosa mfano wa kujifunzia. Huko Salisbury Beach, Massachusetts, Machi 2024, wenye nyumba walichanga karibu dola 600,000 wakajenga tuta kwa malori, na dhoruba ikabomoa sehemu kubwa ya kazi yao ndani ya siku tatu tu. Habari ile ilisomwa nchi nzima. Sisi tukarudia kosa lilelile mwaka uliofuata.

Sasa nifike kwenye geti, kwa sababu hasira yangu yote iko hapo.

Katika nchi hii mchanga wa ufuo mara nyingi haulipwi na wenye nyumba peke yao. Pale serikali kuu inapoidhinisha mradi kupitia kikosi cha wahandisi wa jeshi, kwa kawaida inabeba asilimia 65 ya gharama ya ujenzi wa mwanzo, na jimbo pamoja na serikali za mitaa zinabeba asilimia 35. Folly Beach, hapa hapa jimboni kwetu, wanabebewa asilimia 85, kwa kuwa ilikubalika kwamba kuta za mawe zilizojengwa karne ya 19 kwenye mlango wa bandari ya Charleston ndizo zilizowakatia mchanga. Lakini fedha za umma zina sharti moja lisilokwepeka: ufuo uwe wa umma kweli, yaani pawepo njia za kupita takriban kila nusu maili na mahali pa kuegesha magari karibu. Fedha za jimbo nazo zina sharti la namna hiyo. Penye geti na mlinzi anayemrudisha kila asiye na kibandiko kwenye kioo cha gari, hazifiki.

Simaanishi kwamba tungelifungua geti Jumatatu tukapewa hundi Ijumaa. Miradi ile huchukua miaka mingi, na kuingia kwenye orodha ni kazi. Lakini mwaka 2021, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao cha bodi ambazo pia ninazo, maofisa wa kaunti walikuja na pendekezo la kuanzia: njia mbili za miguu na maegesho ya magari ishirini kwenye kiwanja kitupu kilicho kaskazini mwa mtaa. Pendekezo lilikataliwa kwa sentensi moja, kwamba "halipatani na hadhi na faragha ya wakazi". Hadhi hiyo na faragha hiyo ni ya nani? Njia zile zingepita kando ya nyumba za mstari wa mbele, hazingepita kwangu. Wao wamechagua ufuo wa binafsi, nami natakiwa kuulipia uchaguzi wao dola 30,000, halafu nikapande ngazi inayoelea.

Msinielewe vibaya kwamba napinga mchanga nikitaka ukuta wa zege. Kwanza sheria ya jimbo ya mwaka 1988 imezuia kuta mpya za kukinga bahari ufuoni, na nadhani ilifanya vyema, kwani ukuta humwokoa aliye nyuma yake na kummaliza jirani. Mimi nimekulia Kunduchi, Dar es Salaam. Tulikuwa tukiyaona malori yakipakia mchanga mitoni huku pwani ikiliwa, na mpaka leo siwezi kusikia neno mmomonyoko bila kuiona hoteli ya Africana ilivyoachwa kwa bahari. Kwa hiyo mchanga lazima, tena si wa mara moja. Ndiyo maana unahitaji mpango. Chama cha Seabrook Island, kusini mwa Charleston, hakina siri kubwa: mwaka 1983, 1996 na tena 2015 mlango wa maji wa Captain Sams, pale mkondo unapoingia baharini, ulihamishwa kwa gharama ya wamiliki ili mchanga ujitembeze wenyewe kuelekea ufuo wao. Wanajua kazi itarudi, wanajiandaa. Sisi tumesubiri hadi ngazi ikaning'inia, tukaingia sokoni kutafuta meli ya kuchimba mchanga wakati kila mtu anaitafuta. Msimu wa kasa kutaga na mayai yao kuanguliwa ni kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba, kwa hiyo miradi mingi inabanana kwenye miezi ya baridi, na kuileta meli tu na mabomba yake kabla haijamwaga ndoo moja ya mchanga ni mamilioni.

Kuna jirani aliyenituliza kwamba bima itasaidia. Bima ya mafuriko ya serikali ya Marekani inaishia dola 250,000 kwa jengo la nyumba ya familia, haifidii ardhi, na mmomonyoko wa taratibu hauimo. Hakuna kitu pale.

Kwenye mkutano nilisimama nikapendekeza mgawanyo mwingine. Mstari wa mbele wabebe asilimia 60, mstari wa pili asilimia 25, na sisi 121 tubebe asilimia 15. Kwa hesabu hiyo mtu wa mbele angelipa kama dola 96,000, wa pili kama dola 34,600, na sisi kama dola 7,550. Mwenyekiti akatabasamu, akasema mkataba wa mtaa unataka kila kiwanja kichangie sawa, na kuubadilisha kunahitaji theluthi mbili ya kura. Fanyeni hesabu wenyewe: theluthi mbili ya 203 ni kura 136, na hata tukiungana sote wa nyuma bila mmoja kukosa tunafika 121. Ajabu ni kwamba mchango wenyewe haukupigiwa kura hata moja, kwa kuwa bodi ilitumia kifungu cha dharura. Yaani kuchukua dola milioni sita watu watano wa bodi wanatosha, lakini kuzigawa kwa haki watu 135 hawatoshi. Kati ya hao watano, wanne wana nyumba mstari wa mbele na wa pili. Nilipouliza kama hilo si mgongano wa maslahi, muda wangu wa dakika mbili ukawa umekwisha.

Dharura gani iliyoandikwa kwenye ripoti ya mwaka 2016?

Mke wangu ananiambia tulipe tu tuuze tuondoke, tumwachie mwingine kama sisi tulivyoachiwa. Siku zimebaki 34. Nimekwisha kuandika barua ya kudai mkataba wa mkandarasi, zabuni zote zilizoletwa, na barua ya kaunti ya mwaka 2021. Nimeituma kwa posta ya kusainiwa, na wenzangu 57 wa mstari wa tatu kwenda nyuma wameweka sahihi. Jumamosi tunakutana gereji kwangu.

Kwa yeyote humu anayeishi katika chama cha pwani, iwe Carolina zote mbili, Florida au kwingineko, ambako mchango wa mchanga umegawanywa kwa umbali wa nyumba kutoka baharini: naomba uniwekee hapa maneno yenyewe ya kifungu cha mkataba wenu, na unieleze mlikipitishaje. Na kama kuna aliyewahi kupinga kifungu cha dharura mbele ya hakimu, aniambie wakili alimtoza kiasi gani, kwa sababu tukigawana sisi 58 huenda ikawa nafuu kuliko mchanga.